Mpaka ni Korongo

Jumanne, 2 Desemba

Nimeshinda! Naandika haraka kabla furaha haijapoa.

Mkutano wa kitongoji umekaa asubuhi. Kesi ilikuwa yangu na Limbu, jirani yangu, ambaye pia ni kaka wa mke wangu. Kati ya shamba langu na lake kuna korongo linaloshuka kutoka kwenye mawe ya mlimani hadi mbugani. Nilipokuwa mtoto mbuzi walikuwa wanaliruka. Siku hizi ukitumbukia lazima uite watu. Kila masika linamega ukingo wa Limbu, na upande wangu linaacha tope safi jeusi. Limbu alitaka tupande minyaa pale mpaka ulipokuwa enzi za baba zetu. Yaani nirudishe ardhi niliyoletewa na Mungu mwenyewe, tena bila kuomba!

Nikasimama. Nikasema wazee walituachia neno moja, kwamba mpaka ni korongo, na hawakutaja korongo la mwaka gani. Nikasema maji hayana ndugu wala shemeji. Wengine walipiga makofi, nadhani kwa sababu njaa ilishawakamata na walitaka tumalize. Mwenyekiti Mayige akatangaza uamuzi: mpaka ni korongo, popote litakapolala. Akaniuliza kama nimeridhika. Nikasema nimeridhika, mimi Ndalahwa na vizazi vyangu vyote. Akauliza tena. Nikajibu vilevile, kwa sauti kubwa zaidi. Limbu alisema tu, sawa shemeji, kisha akaenda kufungulia ng'ombe wake.

Nimechinja jogoo kusherehekea. Nyamizi, mke wangu, hakumgusa. Anasema jogoo alikuwa wake. Wivu wa kifamilia huo, utapita.

Alhamisi, 4 Desemba

Wazo limenijia wakati nakamua. Kama korongo linakula shamba la Limbu lenyewe, polepole, bila msaada wa mtu, je, likisaidiwa?

Nimelikagua lote. Juu kabisa, karibu na mlima, lina kona. Maji yakifika pale yanaugonga ukingo wa Limbu. Nikijaza mawe upande wangu wa kona, njia itakuwa nyembamba, na maji yatamgonga kwa hasira. Mvua mbili tatu tu na korongo litalala katikati ya mihogo yake. Mpaka ni korongo!

Mawe ninayo. Marehemu baba aliyapanga shambani kwa mistari, yakakatisha mteremko toka huku hadi kule, kila mstari unafika gotini. Sijawahi kuelewa kwa nini. Mtu mwenye ng'ombe na akili timamu, kiangazi kizima anapanga mawe kama wanafunzi wa paredi! Mimi yananivunjia plau tu. Basi nimeanza kuyang'oa na kuyapakia kwenye mkokoteni. Napita nayo njia ya ng'ombe, ile inayotoka zizini, inapita kati ya nyumba na shamba na kupanda hadi kwenye kona.

Nyamizi kauliza mawe yanakwenda wapi. Nimesema nafanya usafi wa shamba. Akasema, "Baba Esteria, mawe hayo ndiyo yanashika udongo." Nimemjibu udongo si ndama hata ushikwe.

Ijumaa, 5 Desemba

Flora, bibi shamba wetu, amekuja na pikipiki yake na kunikuta na mkokoteni umejaa. Hakufurahi. Amenisimamisha juani akanipa somo zima. Anasema udongo wangu ulikuwa jiwe, kama lile la mlimani. Jua linalichoma mchana, usiku linapoa, mwisho linapasuka. Mvua inaingia kwenye ufa, mizizi inaupanua, punje zinabanduka. Halafu majani, samadi na wadudu vinaozea humo, ndipo unapata kitu cha kuotesha pamba. Udongo wa unene wa ukucha tu, anasema, unachukua miaka mingi kuliko majina ya mababu ninaoweza kuwataja. Na mvua moja, kwenye mteremko ulio wazi, inaweza kuubeba wote kwa alasiri moja.

Nilitikisa kichwa kwa heshima. Alasiri moja! Nilikuwa nimekadiria mvua mbili tatu. Wataalamu hawa wana faida yao, ukiwasikiliza vizuri.

Ameniagiza nirudishe mawe, kisha nilime kwa kukatisha mteremko, si kwa kushuka nao. Nimesema ndiyo. Alipoondoka nimelima kwa kushuka. Maksai wangu, Waziri na Katibu, wanapenda kushuka. Ukiwakatisha mteremko Katibu anasusa, na mimi siwezi kugombana na Katibu kwa ajili ya serikali. Ile pamba iliyokwisha kuota nimeiacha, nimelima palipobaki.

Jumapili, 7 Desemba

Kanisani. Katekista ameomba mvua ya baraka. Nami nimeongeza langu kimoyomoyo, nikaeleza kona ilipo, ili pasiwe na makosa.

Limbu alikaa mbele na kuimba besi. Anaimba vizuri, nakiri. Baada ya ibada alinishika mkono akasema naonekana nimechoka, akanikaribisha kwake michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa maziwa ya mgando. Nilikula sana. Haibadilishi kitu. Pale zizini kwake yupo yule ng'ombe mwekundu niliyemtoa kwenye mahari ya Nyamizi. Amezeeka. Alinitazama kama mtu asiyenifahamu.

Jumatatu, 8 Desemba

Kazi imekwisha! Mawe yote ya baba yapo kwenye kona. Nimechomeka matawi ya miiba katikati yake, nikafunga kwa kamba za katani ili yasihame. Niliponyanyuka kutazama, niliona ukuta umetoka mrefu kidogo kuliko nilivyopanga. Umekaribia kugusa ukingo wa Limbu. Vizuri zaidi. Asiyejua kupima ndiye huishiwa mawe njiani.

Njia ya ng'ombe imechimbika kwa magurudumu ya mkokoteni. Si kitu.

Mawingu yamesimama upande wa Lamadi, meusi, yamejaa ziwa tumboni. Mgongo unaniuma lakini moyo uko imara.

Jumanne, 9 Desemba

Naandika nguo zikichuruzika maji.

Mvua ilianzia mlimani alasiri. Nilichukua mwavuli nikaenda kwenye kona kuaga ardhi ya Limbu. Maji yalikuja mekundu, yamebeba vijiti, boga zima na kandambili ya mguu wa kushoto. Yakaugonga ukuta wangu. Miiba ikanasa vijiti, vijiti vikanasa majani, na ule uwazi mdogo niliomwachia Limbu ukaziba. Maji yakasimama. Yakapanda. Nilifurahi sana, sifichi, nikidhani yanakusanya nguvu.

Yalikuwa yanatafuta njia, na njia nzuri ilikuwa kwangu. Yalivuka ukingo wangu, yakaingia shambani, yakakuta matuta yote yanashuka na hakuna jiwe hata moja la kuyauliza yanakwenda wapi. Mengine yakaipata njia ya ng'ombe. Hapo sasa! Yalishuka nayo yakinguruma kati ya nyumba na shamba, huku ardhi inakatika vipande vipande na kuanguka, bu, bu, bu.

Nilikimbia nayo sambamba nikiyakemea. Nilijaribu kuyazuia kwa jembe. Jembe limekwenda. Mwavuli umekwenda. Ukuta wa choo umekwenda, na bahati nzuri hakukuwa na mtu. Nyamizi aliwaokoa ndama peke yake.

Jumatano, 10 Desemba

Asubuhi jua limetoka kama hakuna kilichotokea.

Pale palipokuwa na njia ya ng'ombe kuna korongo. Nimeingia ndani, na kilichobaki juu ni kofia yangu. Korongo la zamani limekauka, ukuta wangu umesimama pale imara kabisa, haujahama hata jiwe. Shambani pamba hakuna. Udongo mweusi hakuna. Kimebaki kile kigumu cha chini, chekundu, chenye changarawe, kinalia chini ya kiatu. Udongo wenyewe umelala kule bondeni kwenye majaruba ya mpunga ya Limbu, umetandazwa vizuri, unang'aa.

Nilikaa chini. Baba alinifundisha kushika plau kwenye shamba hili. Alikuwa anachota udongo, anaunusa, ananipa na mimi ninuse. Leo nimechota nikanusa. Harufu ya jiwe tupu. Nililia kidogo, halafu nikajifanya nafuta jasho kwa sababu Nyamizi alikuwa anakuja.

Aliuliza kwa upole korongo liko wapi sasa. Nikamwonyesha. Akauliza shamba letu liko upande gani wa korongo. Nikanyoosha kidole, nikakifuata kwa macho. Liko upande wa Limbu! Nikamwomba asirudie swali hilo kwa sauti. Bado hakuna aliyelifikiria.

Alhamisi, 11 Desemba

Sikubali kushindwa. Nitalifukia korongo jipya kabla Mayige hajapita huku. Linahitaji udongo tu.

Udongo sina. Lakini bibi shamba alisema nini? Udongo ni jiwe lililopasuka kwa joto na baridi. Nyuma ya nyumba nina jiwe kubwa kuliko kanisa. Jua linachelewa kwa kuwa ni mvivu. Mimi nina kuni.

Nimewasha moto mkubwa juu ya jiwe tangu asubuhi. Lilipokuwa la moto sawasawa nimelimwagia ndoo za maji baridi. Lililia mlio wa bunduki, kipande kikaruka mpaka kwenye paa. Sungusungu wamefika na filimbi na marungu, wakidhani ni wezi wa ng'ombe. Nikawaeleza natengeneza udongo. Walitazamana. Kamanda wao aliniuliza kama nimekula.

Kazi kama hii haihitaji kula. Vipande ninavyo, tena vingi. Kesho kusaga.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimetwanga kwenye kinu cha Nyamizi, cha mninga, alichopewa na mama yake siku ya harusi. Mpaka saa sita nilikuwa na debe moja. Baada ya saa sita sikuwa na kinu. Kimepasuka toka mdomoni hadi kitakoni. Nimekigeuzia ukutani ili ufa usionekane.

Flora amepita. Ameshika ule unga wangu akaupuliza, ukapaa. Anasema huo ni unga wa mawe, hauna uhai ndani, hata nyungunyungu akiuona atageuza. Nikamuuliza utachukua muda gani kuwa udongo. Akasema hilo niwaachie vitukuu vyangu wamuulize bibi shamba wao.

Nimemwaga debe langu korongoni. Nilitazama lilipoangukia nisipaone. Haba na haba hujaza kibaba, lakini aliyesema hivyo hakuwa na korongo.

Jumamosi, 13 Desemba

Wapita njia wameanza kuuliza. Nimewaambia si korongo, ni mtaro wa muda, nauchimba kwa ajili ya mabomba. Limbu naye amekuja. Tumesalimiana kwa Kisukuma, mwadila, akasimama ukingoni, akatazama shamba, akatazama ule ukuta wangu kule juu kwenye kona. Alielewa yote, niliona usoni. Akasema, "Pole, shemeji." Basi. Afadhali angenitukana! Mtu akikutukana unajua pa kushika.

Jioni Mayige ametuma salamu. Mkutano Jumatatu.

Jumatatu, 15 Desemba

Niliingia mkutanoni nimejiandaa. Nikaanza mimi. Nikasema mababu zetu ni watu wa kuheshimiwa, na mpaka wao ndio mpaka. Nikapendekeza tupande minyaa pale ulipokuwa zamani. Watu walicheka mpaka mama mmoja akashuka kwenye benchi. Mayige alinikumbusha uamuzi: popote litakapolala. Akanikumbusha nilivyoridhika, mara mbili, pamoja na vizazi vyangu. Mtu nyuma akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Naijua sauti hiyo, nitashughulika naye baadaye.

Mayige akatangaza kwamba shamba liko upande wa Limbu, kwa hiyo ni la Limbu.

Niliona mkono wa baba ukiwa umeshika udongo, basi, hicho tu.

Ndipo Limbu akasimama. Alisema yeye hawezi kula chakula cha watoto wa dada yake. Lakini uamuzi ni uamuzi, na akinirudishia mimi, wakati wa masika tutakuwa hapahapa tena. Kwa hiyo shamba lililoletwa kwake na maji anampa dada yake, Nyamizi, mbele ya watu wote. Vigelegele! Nyamizi akasimama akashukuru, "Wabeja, kaka." Kisha akatangaza kuwa atakayetaka kula kwenye shamba lake atabeba mawe. Hakunitazama mimi, aliwatazama watu wote. Lakini mume wake ni mimi peke yangu.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimebeba mawe wiki nzima. Mawe yaleyale. Ukuta wangu uligoma kuvunjika kwa jinsi nilivyoufunga vizuri, na hakuna aliyenisifu.

Flora amepima mteremko kwa vijiti, kamba na chupa ya maji, akaweka alama. Nyamizi anaelekeza, mimi napanga. Mistari imekatisha shamba palepale alipoipanga baba. Flora mwenyewe ameshangaa jinsi alama zake zilivyoangukia kwenye mashimo ya zamani. Juu ya kila mstari tumepanda matete. Samadi tumemwaga. Waziri na Katibu wanalima kwa kukatisha, na Katibu hakususa hata mara moja. Msaliti.

Limbu analeta udongo kwa mkokoteni kutoka kwenye majaruba yake, anaumwaga shambani, anarudi kuchukua mwingine. Hakuombwa. Jana nimemwambia ajue kwamba huo ni udongo wangu. Akasema anajua, ndiyo maana anauleta.

Alhamisi ilinyesha kidogo. Nilisimama kutazama. Maji yalishuka mekundu, yakafika kwenye mstari wa kwanza, yakapunguza mwendo kama mtu aliyeingia msibani. Yakatua mzigo wake wa tope pale, yakapita kati ya mawe, na kwenye mstari wa mwisho yalikuwa karibu meupe. Nilichuchumaa nikashika lile tope. Laini, jeusi kidogo, lina harufu. Nimemnusisha Nyamizi. Amecheka, mara ya kwanza tangu ile mvua. Kumbe baba hakuwa anapanga wanafunzi.

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

Tumekula kwa Limbu. Pilau, na nyama ya mbuzi. Nimeimba besi pamoja naye, wameniambia nipunguze sauti. Yule ng'ombe mwekundu amenilamba mkono. Nyamizi amepata kinu kipya, zawadi ya kaka yake. Amenisamehe mbele ya watu na nimeshukuru. Mwaka huu nimejifunza mengi kuhusu udongo na maji.

Kwa mfano. Wakati tunarudi nimepita kando ya korongo jipya na nimegundua kwamba lina kona. Ipo karibu na jiko letu. Maji yakifika pale yanagonga ukingo wa shamba la Nyamizi, lakini kwa uvivu. Yakisaidiwa kidogo, korongo litasogea kule shambani, na ardhi itakayobaki huku nyuma yake itakuwa ya nani? Uamuzi wa mkutano haujafutwa. Mpaka ni korongo, popote litakapolala.

Kosa la mara ya kwanza nalijua: ukuta ulikuwa mrefu mno. Huu utakuwa mfupi. Hatari hakuna kabisa. Upande wa huku hakuna shamba la kuharibika, kuna jiko na nyumba tu, na nyumba imejengwa juu ya kichuguu cha zamani, kigumu.

Nimeshaweka kando mawe machache mazuri, yako nyuma ya ghala, chini ya majani. Jioni Nyamizi kaniuliza kwa nini mstari wa mwisho una mapengo. Nimemwambia mawe nayo huoza yakawa udongo, na kama haamini amuulize Flora.

Masika hayako mbali. Jumamosi nakwenda mnadani Dutwa kununua mwavuli.